Taa Yetu na Mbaazi za Jirani

Masomo: Zaburi 104:19–23, Kutoka 22:6



Kasisi wetu ameniomba niyaandike katika ukurasa huu yale niliyoyasema kwenye Sala ya Jioni, Jumapili iliyopita, kwa kuwa wengi hawakuwapo, na wale waliokuwapo wamekwisha kuyasimulia huko nje kila mtu kwa namna yake. Nimekubali, ingawa mwalimu mstaafu akipewa kalamu hupenda kuwageuza watu wazima kuwa wanafunzi. Mnivumilie.

Mnakumbuka jinsi tulivyozipata zile taa. Novemba 2023 wezi waliingia uwanjani mwa kanisa wakachukua bati kumi na nne tulizokuwa tumezinunua kwa ajili ya sakristia, pamoja na betri ya kipaza sauti. Halmashauri ya kanisa ilikutana, nami ndiye niliyesimama nikapendekeza tununue taa kubwa mbili za ulinzi, moja itazame barabara na moja ifungwe juu ya ukuta wa nyuma, ziwake usiku kucha. Hakuna aliyepinga. Januari 2024 zikafungwa, na usiku ule wa kwanza tulisimama uwanjani tukizitazama na kufurahi kama watoto. Mtu angeweza kusoma kitabu cha nyimbo chini ya mwembe saa nane za usiku. Wezi hawajarudi tangu siku hiyo. Hilo ni kweli, wala sitalificha.

Nyuma ya ukuta ule liko shamba la mama mmoja mjane, ambaye sote twamjua. Alipanda mahindi na mbaazi kama sisi wengine, kwa mvua zile zile. Mahindi aliyapata. Lakini ilipofika Juni, mbaazi za watu wengine zilipokuwa zimejaa maua ya manjano, za kwake zilikuwa ndefu, nene, kijani kibichi, majani tele na maua hakuna. Akangoja. Julai watu wakaanza kuchuma mbaazi mbichi na kupika. Yeye bado ana majani. Fedha ya mbaazi ndiyo inayonunua sare na madaftari ya wajukuu wake watatu, na mahindi ni ya kula.

Sasa sikilizeni yaliyofuata, maana hapo ndipo aibu yetu inapoanza. Shamba lisilozaa katikati ya mashamba yanayozaa halikai siku nyingi bila kutafutiwa mchawi. Yuko bibi mkongwe jirani na mama yule, anaishi peke yake, macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Watu walianza kunong'ona kisimani. Halafu mmoja akamwambia waziwazi, mbele ya watoto. Jumapili mbili mfululizo bibi yule hakuonekana kanisani, na sisi tulioketi viti vya mbele hatukuuliza yuko wapi.

Yule mama mwenyewe hakumsingizia mtu. Alikuja kwangu jioni moja, akaketi barazani, akasema, "Mwalimu, wewe ulifundisha kilimo. Mbaazi zangu zimegoma. Njoo uzitazame kabla watu hawajamdhuru bibi wa watu."

Asubuhi yake nikaenda na fimbo yangu. Mistari iliyo karibu na ukuta haikuwa na ua hata moja. Kadiri nilivyokwenda mbali nilianza kuona maua machache, na kule mwisho, mpakani na muhogo wa jirani, mbaazi zilikuwa na maganda kama za watu wote. Kwanza nilidhani ni udongo. Lakini katikati ya ile sehemu tasa kulikuwa na ukanda mwembamba wa mashina yaliyozaa vizuri sana, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, ukianzia kwenye mkorosho ulio karibu na ukuta na kupanuka kidogo kidogo ulivyokwenda mbali. Udongo haukai hivyo. Na uchawi, nikajiambia, haujui kutumia rula. Nikasimama ndani ya ukanda ule nikageuka kutazama nilikotoka. Shina la mkorosho lilikuwa kati yangu na taa yetu.

Usiku nikarudi. Kivuli cha mkorosho kilikuwa kimelala juu ya mashina yale yale yaliyozaa, wala hakikukosa hata moja.

Ndugu zangu, jambo hili nililifundishwa chuo cha ualimu, nikalifundisha mwenyewe kwa miaka mingi, na bado nilisimama katika halmashauri nikapendekeza taa bila kulikumbuka. Mwaka 1920 wataalamu wawili wa Marekani, Garner na Allard, walichapisha habari za tumbaku ya aina fulani iliyokuwa ikirefuka tu bila kuchanua wakati wa siku ndefu. Walipoiingiza katika kibanda cha giza kila siku kabla jua halijachwa, ikatoa maua. Baadaye ikajulikana kwamba mmea wa namna hiyo kwa kweli hupima urefu wa usiku, si wa mchana; usiku ukikatwa katikati kwa mwanga, hata wa dakika chache, mmea huhesabu kana kwamba usiku mrefu haukuwapo. Mbaazi zetu za kienyeji zimo katika kundi hilo. Huku kwetu kusini mchana wa Desemba unauzidi mchana wa Juni kwa zaidi ya saa nzima. Mbaazi hukua majani katika siku zile ndefu, na usiku unaporefuka hujua kwamba wakati wa kuzaa umefika. Mbaazi za mama yule hazikuona usiku tangu zilipoota. Zilikuwa zinatii saa waliyopewa na Mungu, na sisi tumeishika mishale ya saa hiyo.

Zaburi ya 104 ni somo la Sala ya Jioni ambalo wengi wetu tumelisikia tukisinzia. Mtunga Zaburi anasema kwamba ni Mungu mwenyewe anayelileta giza, na kwamba giza likija wanyama wa mwituni hutoka. Simba humlilia Mungu chakula chao. Na jua likichomoza hurudi kulala, ndipo mwanadamu naye anapotoka kwenda kazini kwake hata jioni. Tazameni jinsi kazi ilivyogawanywa. Mchana ni zamu yetu, usiku ni zamu ya wengine, nao ni wengi kuliko sisi. Na katika Mwanzo, sura ya kwanza, Mungu hakuliondoa giza alipoiumba nuru. Alivitenga viwili hivyo akavipa vyote majina. Tena aliupa usiku taa yake, na taa hiyo akaifanya ndogo, ya kukua na kupungua, na siku nyingine isionekane kabisa. Taa yetu ya ukutani, kwa mtu aliyesimama karibu nayo, humulika zaidi ya mara mia kuliko mwezi mpevu.

Najua mtakaloniambia, kwa sababu mzee mmoja wa kanisa ameniambia tayari: "Mwalimu, Mkristo anawezaje kulitetea giza? Giza ni la Shetani." Ni kweli Maandiko huiita dhambi giza, na Bwana wetu aliitwa Nuru. Lakini mwanafunzi mwema hutofautisha. Giza la moyo ni jambo moja, na usiku ni jambo jingine. Musa alipopanda mlimani aliingia katika giza nene, na humo ndimo Mungu alimokuwa. Ibrahimu alitolewa nje ya hema usiku ahesabu nyota. Lau hema yake ingekuwa nyuma ya ukuta wetu angehesabu chache sana. Nikodemo alikuja usiku wala hakufukuzwa. Mariamu Magdalene alikwenda kaburini kabla hakujapambazuka. Kitabu cha Ayubu na kile cha Amosi vinaitaja Kilimia, zile nyota ambazo babu zetu walizitumia kujua majira ya kulima. Waulizeni watoto wa Kipaimara wa mwaka huu ni nani kati yao anayeweza kuionyesha Kilimia kwa kidole.

Nami nawakumbusha Mkesha wa Pasaka wa mwaka 2024. Tulikusanyika mlangoni, moto mpya ukawashwa, mshumaa wa Pasaka ukaingizwa, na hakuna aliyeona ajabu yoyote, kwa sababu taa ya ukutani ilikuwa inawaka nasi tulisahau kuizima. Mtoto mmoja nyuma yangu alimwuliza mama yake kwa nini Kasisi anawasha mshumaa ilhali kuna mwanga. Mama yake akamnyamazisha. Mimi naona mtoto aliuliza vema.

Basi tusidhani kwamba ni mbaazi peke yake. Mvua ya kwanza ikinyesha, kumbikumbi hutoka, dume na jike, wapate kutafutana, watue, wayapukute mabawa na kuanzisha kichuguu kipya. Watoto wetu huwakusanya kwa taa, nami sisemi wasifanye hivyo. Nawapenda kumbikumbi, hasa wakikaangwa na chumvi kidogo. Lakini mtoto huwasha taa saa moja, bakuli likijaa huenda kulala. Taa yetu hailali. Kila asubuhi mlinzi hufagia chini yake nondo, dundu na wadudu wengine wa kila namna ambao hakuna aliyewala wala aliyewahitaji. Zamani tulisema wadudu wanaupenda mwanga. Mwaka 2024 walichapisha wataalamu waliowapiga picha za haraka sana, wakaona kwamba mdudu arukaye hugeuzia mgongo upande wenye mwanga, kwa kuwa tangu kuumbwa mwanga wa usiku ulikuwa juu, angani. Taa ikiwa pembeni au chini, mdudu huinama na kuzunguka bila kuweza kutoka. Si mapenzi, ni kupotezwa.

Na nondo, yule ambaye Bwana wetu alimtaja pamoja na kutu, si mharibifu wa nguo tu. Nondo wakubwa wa magharibi ndio wanaobeba chavua ya mpapai kutoka dume kwenda jike. Maua ya mbuyu hufunguka usiku na kutembelewa na popo. Huko Uswisi watu waliweka taa katika baadhi ya malisho na kuyaacha mengine gizani. Habari zao zilitoka mwaka 2017. Palipokuwa na taa, ziara za wadudu wa usiku kwenye maua zilipungua kwa asilimia 62, na mmea mmoja walioupima ukapunguza mbegu kwa asilimia 13, ingawa nyuki wa mchana waliufikia kama kawaida. Zamu ya usiku haikuweza kujazwa na zamu ya mchana.

Wale wenye ndugu pwani, Mafia au Pangani, waulizeni habari za kasa. Mama kasa hupanda mchangani usiku, huchimba, hutaga mayai mia na zaidi, huyafukia na kurudi baharini. Baada ya miezi miwili hivi watoto hutoka, nao pia usiku, bila mama wa kuwaongoza. Wanajuaje bahari iko wapi? Huelekea upande wa upeo wenye mwanga zaidi, na tangu mwanzo upande huo ulikuwa bahari, yenye kuakisi anga, nyuma yao vikiwa vichaka vyeusi. Jengeni hoteli yenye taa nyuma ya vichaka, nao watageuka kwa utii ule ule waende barabarani. Asubuhi jua, kunguru na kaa huwamaliza. Hakuna mwenye hoteli aliyekusudia kuua kasa hata mmoja, kama vile mimi sikukusudia kumnyima mjane chakula cha wajukuu wake.

Mtu asiseme haya ni mambo ya mashambani na ya pwani tu. Katika New York, kila mwaka tarehe 11 Septemba, huelekezwa mbinguni miali miwili ya mwanga kutoka taa kubwa 88, kuwakumbuka waliouawa siku hiyo mwaka 2001. Ni jambo la heshima, la kuomboleza wafu, kama sisi tunavyowasha mishumaa makaburini. Lakini Septemba ndipo ndege wasafirio usiku wanapopita juu ya mji ule kwenda kusini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2017 ulikisia kwamba katika usiku saba tu wa miaka mbalimbali, kati ya 2008 na 2016, ndege milioni 1.1 walivutwa na miali hiyo, wakazunguka ndani yake wakilia. Jambo lililonishika ni hili: waangalizi hukaa hapo usiku wote wakihesabu ndege, na wakizidi elfu moja, taa huzimwa kwa dakika ishirini. Ndege hutawanyika wakaendelea na safari. Kisha taa huwashwa tena. Marehemu hawakuvunjiwa heshima, na ndege wamepita.

Nimetaja hilo kwa sababu wengine tayari wamegawanyika: wapo wasemao Mwalimu anataka kanisa lirudi gizani wezi wapate njia, na wapo wasemao taa ipasuliwe kwa jiwe leo leo. Sitaki moja wala lingine. Kutoka 22:6 inatuhukumu kwa urahisi kabisa. Sheria yasema habari za mtu awashaye moto ukashika miiba, ukavuka na kuiteketeza nafaka ya jirani iliyosimama shambani: aliyewasha moto hana budi kulipa. Haiulizi kama alikusudia. Haiulizi kama moto ulikuwa na kazi njema upande wake wa mpaka. Mwanga wetu umevuka ukuta. Ukuta tuliujenga sisi, na tukaifunga taa juu yake makusudi ili umulike hata nyuma, mahali ambapo si petu.

Kwa hiyo nimeandika mapendekezo kwa halmashauri, na kwa kuwa fedha ni zenu, yajueni. Taa ya ukuta wa nyuma iteremshwe na kufungwa upande wa ndani, imulike chini, na ifunikwe kwa bati juu na ubavuni. Fundi amesema kipande cha bati chatosha. Ile nyeupe kali ibadilishwe kwa ya manjano, hafifu. Taa zote mbili ziwekewe kifaa cha kuziwasha mtu apitapo, zizimike akiondoka, na mlinzi apewe tochi nzuri, maana kwa sasa hukaa chini ya taa asione lolote lililo nje ya mwanga wake. Na mama yule alipwe mbaazi zake. Nimepima ile sehemu iliyokosa kuzaa, nikalinganisha na kivuli cha mkorosho, nikapata kama magunia mawili. Nusu ya gunia la kwanza nitatoa mimi.

Lipo moja ambalo halilipiki kwa magunia. Kasisi na mimi tulikwenda kwa yule bibi, tukapiga hodi, tukamwamkia, tukaketi kwenye mkeka. Nikamweleza habari ya taa na ya kivuli kama nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza yote bila kukatiza. Mwisho akasema, "Mimi sikujua kama ni taa, Mwalimu. Nilijua tu kwamba si mimi." Kisha akauliza kama waliomsema watatajwa kanisani. Kasisi akajibu kwamba hawatatajwa, bali wanajijua, na mlango wake wa maungamo uko wazi siku ya Jumamosi kuanzia saa kumi. Bibi akatupa karanga. Tulipotoka Kasisi hakusema neno mpaka tulipofika njia panda.

Tangu wiki hiyo taa ya nyuma imezimwa, mpaka halmashauri iamue. Mlinzi ananiambia kwamba bundi amerudi kwenye mwembe, naye hapendezwi, kwa sababu ya yale yanayosemwa juu ya bundi. Nimemwambia kwamba bundi anakula panya wa ghala la kanisa na hatudai mshahara. Hajaridhika bado.

Mkutano wa halmashauri utakuwa Jumapili ya pili ya mwezi ujao, mara baada ya Misa, na safari hii kila mshirika anaruhusiwa kuhudhuria. Mama yule amealikwa, naye amekubali. Amesema atakuja na mashina mawili ya mbaazi, moja la ukutani na moja la kivulini, ayaweke mezani.